Nafasi Kwenye Safu ya Tatu

Jicho Moja alikuwa na macho mawili, tena mazima, tusidanganyane mapema. Jina lilimkaa kwa sababu ya tabia: kitu chochote akikitazama lazima afumbe jicho la kushoto akipime. Ukuta, anafumba. Lori, anafumba. Ukimwamkia, "Shikamoo, mzee," anafumba kwanza, anakukagua kutoka bega hadi bega kana kwamba anawaza utaingia herufi ngapi, ndipo anakujibu, "Marahaba." Wanawake wageni mtaani walidhani anawakonyeza. Mmoja aliwahi kwenda kumleta kaka yake mwenye kifua aje amfunze adabu. Kaka akafika, wakaongea kidogo, akaondoka ameshampa kazi ya kuandika jina la gereji yake.

Kazi yake ndiyo hiyo, kuandika kwenye kuta. Kuchora hapana. Ukimwambia achore kuku, utapata kiti. Lakini herufi, bwana, herufi zilimtii. Duka la dawa, kinyozi, shule ya msingi, fundi viatu, wote walivaa mwandiko wake. Aliwahi kuandika USIKOJOE HAPA kwenye ukuta wa soko kwa herufi nzuri kiasi kwamba watu walikuwa wanasimama kuzishangaa, na wakishasimama pale, basi, shughuli inaendelea.

Rula hakutumia. Alikuwa na mtindo wake mmoja wa ajabu. Kabla ya kuandika anasogea ukutani, anainua kiganja, halafu analitamka jina kwa kulivuta, taratibu, huku mkono unateleza hewani sambamba na ukuta. Jina likiisha mdomoni, mkono unasimama. Hapo linapoanzia na hapo linapoishia anaweka alama ya chaki. Kama ni majina mengi kwenye safu moja, anayatamka yote mfululizo bila kupumzika, la sivyo safu haikai sawa. Ukimsemesha katikati anaanza upya, na tusi juu. Mdogo wake wa kike, tangu wakiwa watoto, alikuwa akimwiga mbele ya majirani, kiganja juu, jicho limefumbwa, anatamka "u-ga-li" kwa kuuvuta hadi watu wanashika mbavu.

Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango, na mtaa ukamsahau taratibu kama wimbo wa mwaka juzi. Alibaki na vikazi vya hapa na pale, chumba kimoja chenye harufu ya tapentaini, brashi zimelala kwenye kopo la mafuta kama wagonjwa wodini, na familia ya watu wawili: huyo mdogo wake, na mtoto wa mdogo wake. Kuoa hakuoa. Akiulizwa anasema aliogopa kupata mke mwenye jina refu.

Mtoto ndiye Chaji. Kijana mrefu, mwembamba, mcheshi, mwenye simu ambayo tangu inunuliwe haijawahi kufika jioni ikiwa hai. Akiingia nyumba ya mtu macho yanakwenda kwenye soketi kwanza, salamu baadaye. "Mjomba hujambo, umeme upo?" Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chaji, alikuwa akimsema, "Wewe siku ukipatikana kwenye simu nitajua umekufa." Watu wanacheka. Kipindi kile ilikuwa inachekesha.

Jicho alijaribu kumrithisha brashi. Wapi. Herufi za Chaji zilikuwa kama kuku aliyekanyaga rangi akakimbizwa.

"Hii ni S au nyoka?"

"Mjomba, soma kwa imani."

"Nani atanunua dawa kwa imani? Hebu shuka kwenye ngazi yangu."

Kwa hiyo siku Jicho alipoitwa kuandika kwenye kiwanda cha magodoro, kule barabara ya vumbi inapokutana na lami, akaona amepata upenyo. Aliandika jina la kiwanda kwenye geti. Akaandika USALAMA KWANZA ndani ya ukumbi. Akaandika MLANGO WA DHARURA kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa nyuma, herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Meneja alifurahi, na mtu akifurahi ndiyo muda wa kuomba. "Nina mpwa wangu," Jicho akamwambia, "kijana safi, hana makuu." Baada ya muda mfupi Chaji akaanza kukata sponji, idara ya nyuma.

Mlango ule wa nyuma ulikuwa na kufuli. Wafanyakazi wote walijua. Uongozi ulisema sponji zinaibiwa.

Moto ulianza asubuhi, watu ndio kwanza wamefunga aproni. Sponji haiungui kama kuni. Inayeyuka, inatoa moshi mweusi mzito unaokwenda mbio kuliko mtu. Waliokuwa karibu na geti walitoka. Waliokuwa nyuma walikimbilia kwenye maandishi mekundu.

Zimamoto walipomaliza, kilichobaki kilibebwa hospitali, na ndugu wakaitwa watoe mate yapimwe ili kila mtu apewe wake. Wengine walipewa. Wengine walipewa kidogo, kwenye kitu ambacho mtu mmoja angekibeba kwapani. Mama Chaji alitoa mate, akangoja, majibu yakaja: hakuna kilicholingana. Wenzake walielewa kwamba moto haukubakiza cha kulinganisha. Yeye alielewa kwamba mwanawe hakuwamo.

"Mlinzi alimwona akiingia," Jicho alimwambia, kwa upole wote aliokuwa nao.

"Kuingia ndiyo nini? Yule si alikuwa anaruka ukuta kwenda kuchomeka simu kwa muuza duka?"

"Simu yenyewe haipatikani, mdogo wangu."

"Kaka. Lini imewahi kupatikana?"



Basi akawa mtu wa kuzunguka. Asubuhi hospitali hii, mchana hospitali ile, kituo cha polisi, stendi ya mabasi, anaonyesha picha ya Chaji akiwa amelala mdomo wazi, maana ndiyo pekee aliyowahi kumpiga akiwa ametulia. Mtaani watu walianza kuliogopa jina lake. Mtu anamsalimu, "Mama Ch..." halafu kikohozi cha ghafla. "Chaji," anawamalizia mwenyewe. "Malizia tu, halichomi mdomo."

Wafiwa waliunda kamati. Mwenyekiti akawa Msusi, mama wa saluni, mwanamke mwenye vidole vyepesi na mdomo usiopoa. Binti yake alikuwa meza moja na Chaji kule nyuma, na yeye alikuwa miongoni mwa waliopewa kidogo. Mwenye ghala lililotazamana na kiwanda akawapa ukuta wake wote wa barabarani. Wakakubaliana juu ipigwe picha, chini yaandikwe majina, kwa mkono, kwa rangi ya mafuta.

"Bango la kuchapa si rahisi zaidi?" mtu mmoja aliuliza kwenye kikao.

"Bango mvua mbili limechanika," Msusi alisema. "Wanetu wameshachanika mara moja, inatosha."

Picha akapewa binti mmoja wa makopo ya kupuliza, suruali yake ina rangi nyingi kuliko kazi yake, wanamwita Grafiti. Majina akapewa Jicho Moja. Siku ya kwanza walipokutana chini ya ukuta walitazamana kama paka wawili kwenye paa moja.

"Unapaka ukuta au unaua mbu?" Jicho akamuuliza.

"Mzee, hizo herufi zako mimi ninazo za kila aina kwenye simu. Bure."

"Zishushe basi ukutani tuzione."

"Tatizo lako wivu."

"Lako umri."

Wakapatana palepale. Grafiti alichora aproni zilizoning'inia kwenye misumari, mstari mrefu, zote tupu, nyingine bado zina fundo mgongoni kana kwamba mtu ameponyoka bila kuifungua. Siku aliyochora hayo mafundo, Jicho hakumtania hadi jioni.

Kabla Jicho hajaanza kuandika, Mama Chaji alikuja. Vumbi hadi magotini, viatu vya wazi, nywele alizosuka kabla ya moto zimechakaa na nusu zimefumuka. Akasimama chini ya ngazi.

"Kaka, shuka nikwambie." Akashuka. "Andika watoto wa wenzio wote. Wangu usimguse. Ukiandika jina la mwanangu kwenye ukuta huu, mimi na wewe tumezaliwa tumbo tofauti."

"Simwandiki."

"Apa."

"Naapa kwa mama yetu."

Msusi alikuwa palepale, anasikia kila kitu. Alichukua tu karatasi ya majina na kulikata lile moja kwa kalamu, mstari mwembamba, kama anachora njia kwenye nywele za mtoto.

Majina walikubaliana yakae kama wenyewe walivyokuwa wakisimama kazini, idara kwa idara. Safu ya kwanza na ya pili zilikwenda vizuri. Ya tatu ilikuwa ya wakata sponji.

Sasa, Jicho hakuwahi kufanya kazi pale, lakini ile meza aliijua kama aliyokulia. Kila Jumapili Chaji alikuwa akija chumbani kwake kuchomeka simu, na simu ikiwa inakula umeme, yeye anawaigiza wenzake. Huyu wa kushoto anavyosinzia amesimama. Huyu binti wa kulia, wa Msusi, anavyocheka kwa kuvuta pumzi ndani kama pampu mbovu. Mpangilio wao ulikuwa kichwani kwa Jicho bila hata kujua kwamba upo. Kwa hiyo alipoinua kiganja na kuanza kuyatamka majina ya safu ya tatu, mfululizo, jicho limefumbwa, mdomo ulifika katikati ukataja jina ambalo karatasi haikuwa nalo. Mkono ukapita nalo. Alama za chaki zikawekwa. Na alipokuja na brashi yenye rangi, akafika hapo, mkono uliruka hadi alama inayofuata, kama mtu anavyoiruka ngazi iliyovunjika nyumbani kwake bila kuitazama.

Aliliona alipovuka barabara kuiangalia kazi kwa mbali. Katikati ya safu ya tatu kulikuwa na pengo. Na si pengo la bahati mbaya. Jina kamili la Chaji, lile la shuleni ambalo hakuna aliyelitumia, lingeingia mle likabaki na nafasi ya kupumua pande zote mbili.

"Mzee, umeruka mtu hapo?" Grafiti akauliza kutoka juu ya ngazi.

"Ukuta una unyevu."

"Unyevu katikati tu?"

"Wewe puliza mbu wako."

Kesho yake Mama Chaji alipita akitoka hospitali. Hakuwa na nia ya kusimama. Alikuwa ameshaupita ukuta, akarudi nyuma hatua kadhaa, akatazama.

"Hapo pana nini?"

"Pana unyevu, mdogo wangu."

Akapagusa. "Pakavu."

Jicho akajifanya anakoroga rangi. Rangi ilikuwa imeshakorogeka zamani.

Mama Chaji akainua kiganja. Hakufanya kwa kuigiza safari hii. Akakiweka pale jina la jirani wa kushoto linapoishia, akafungua mdomo, akalitamka jina la mwanawe kwa kulivuta, taratibu, mkono unateleza. Jina likaisha. Mkono ukasimama pale binti wa Msusi anapoanzia, kasoro ile nafasi ya pumzi.

"Umempima," akasema.

"Ni mkono tu. Mimi mwenyewe sikujua kama..."

"Anayepimwa ni maiti, kaka. Wewe umempima mwanangu akiwa hai."

"Sijamwandika. Nilikuapia na sijamwandika."

"Moyoni umeshamwandika! Umemwandika, umemzika, umenawa mikono, unanipikia uongo wa unyevu." Sauti ilipanda hadi pikipiki moja ikapunguza mwendo kusikiliza. "Nani alimpeleka pale? Nani alisema kijana safi hana makuu? Nani aliandika mlango wa dharura? Uliuandika vizuri sana, hongera. Moto haukusoma."

Jicho alisimama na kopo mkononi. Macho yote mawili yalikuwa wazi na hakuna alichokuwa anapima.

"Ondoa hiyo nafasi," akamwambia. "Mwanangu si pengo la ukuta wako." Akaondoka.

Baada ya hapo hakumsemesha tena. Jicho alikwenda kwake, akakuta mlango umefungwa na viatu viko nje, yaani yumo. Akabisha. Akaongea na mbao. Akaacha mkate juu ya viatu, akarudi kesho yake akaukuta palepale, sisimizi wamehamia.

Aliendelea kuandika safu za chini. Alikuwa anafika ukutani mchana, jua likishahamia upande wa pili, kwa sababu rangi ya mafuta ikipigwa na jua inavutika kwenye brashi kama gundi. Asubuhi hakujua pale kunatokea nini. Sehemu tupu ya ukuta ilizidi kupungua, safu zikashuka, na kila alipoinua uso pengo lilikuwa linamtazama. Watu walianza kuuliza. Mmoja akabandika tangazo la chumba cha kupanga. Grafiti alilichana, akamfuata mwenye tangazo akamtukana hadi akaomba msamaha, lakini Jicho alishalisoma, CHUMBA KIPO, pale katikati ya watoto. Akakata shauri. Mdogo wake alisema aondoe, ataondoa. Labda hata mlango utafunguka.

Kuliziba pengo maana yake ni kuyasogeza majina yote ya upande wa kulia na kuyatanua kidogo, safu isipungue mwishoni. Akachukua msasa, akayakwangua, akapaka rangi ya chini upya, nusu ya safu ikawa nyeupe. Rangi ya chini lazima ilale hadi kesho ndipo iandikwe juu yake. Akaenda nyumbani.

Asubuhi simu yake ikalia. Grafiti.

"Mzee njoo. Haraka. Huku kumeharibika."

Alimkuta Msusi amesimama mbele ya sehemu nyeupe, viganja vyote viwili vina rangi mbichi. Alikuja kumwamkia binti yake, kama kawaida yake kabla hajafungua saluni, akapapasa ukuta akakuta hayupo.

"Nani kakutuma umfute mwanangu?"

"Namwandika leo hii, mama. Nilikuwa namsogeza tu."

"Unamsogeza kwenda wapi?" Msusi hakupiga kelele, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Ametolewa mle ndani akasogezwa kwenye lori. Lori likamsogeza hospitali. Hospitali wakamsogeza kwenye friji, friji ikamsogeza kwenye boksi. Hajachoka tu?"

Jicho hakungoja jua lihame. Aliandika jua likiwa ukutani, rangi inavutika, anaifuata kwa tapentaini, huku Msusi amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anaitazama kila herufi inavyotoka kama anayehesabiwa pesa zake. Mwisho wake safu ya tatu ikakaa sawa. Imenyooka, imejaa hadi ukingoni, mgeni asingejua kwamba paliwahi kuwa na chochote katikati.

Msusi akainuka. "Nisikilize, fundi. Kitu cha kufutia kisiguse tena ukuta huu. Hata herufi moja. Apa."

Jicho akaapa. Viapo vilianza kumwelemea kama ngazi ya mtu mwingine.

Jioni ile alimalizia safu ya mwisho. Ukuta ukajaa.

Kesho yake aliwahi, akwangue madoa yaliyodondoka kwenye lami. Akamkuta Mama Chaji. Anatembea kando ya safu ya tatu, mkono ukutani, kutoka mwanzo hadi mwisho, anarudi, anaanza tena. Grafiti alikuwa anakusanya makopo yake, akamfuata Jicho kabla hajafika, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Alikuwa anakuja kila asubuhi. Anasimama pale kwenye nafasi. Hukujua?"

"Ningejulia wapi?"

"Mimi nilidhani mmepatana."

Jicho akasogea. Mdogo wake hakugeuka.

"Iko wapi?"

"Ulisema niiondoe."

"Najua nilichosema. Nauliza iko wapi."

"Haipo, mdogo wangu."

Mama Chaji akaegemea ukuta, halafu akateleza nao taratibu hadi akakaa chini kwenye lami, miguu mbele, kama mtoto aliyechoka sokoni.

"Nilikuwa nakuja hapa kwanza, ndiyo naenda kuzunguka," akasema. "Huko hospitali wamenichoka. Wakiniona wanaingia vyumbani. Stendi wananiita yule mama wa picha. Lakini nikipita hapa nilikuwa nasema, huyu wa kushoto yupo, huyu wa kulia yupo, katikati wamemwekea. Kama unavyowekewa kiti, umetoka mara moja tu. Nikitoka hapa nina nguvu ya kwenda." Akajipangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Jana usingizi ulinipitia sikuja. Leo nakuja, wameshasogea, wamekaa. Kule ninakokwenda hayupo. Na hapa hayupo. Sasa yuko wapi, kaka? Wewe mtu wa vipimo, niambie mwanangu yuko wapi."

Jicho akachuchumaa mbele yake. Alitaka kusema kitu. Angalau pole. Lakini neno lile watu walishalitumia sana hadi limebaki ganda.

Msusi alikuwa amefika, wakati wake wa kumwamkia binti. Alisikia kiasi cha kutosha. Alikaa chini nyuma ya Mama Chaji, akamvuta kichwa kikaegemea magotini, na vidole vikaanza kufumua zile nywele chakavu, msuko mmoja baada ya mwingine, taratibu, bila kitana. Malori yalipita. Mfuko wa takataka ulipita na upepo. Mtu wa chai alipunguza mwendo, akawatazama, akaenda zake bila kutangaza chai.

"Mwandike," Mama Chaji akasema.

Jicho hakusogea.

"Kaka, sijasema amekufa. Nimesema mwandike. Akae mahali."

Jicho akasimama, akautazama ukuta. Juu, aproni. Chini ya aproni, majina, ukingo hadi ukingo, hakuna pa kupitisha hata kidole.

"Nitaifuta ya tatu," akasema. "Nitamrudisha pale katikati, nipe siku mbili tu..."

Vidole vya Msusi vilisimama kwenye nywele. Machozi yakashuka kwa hasira kana kwamba kuna mtu amemwibia. Alitaka kukubali na hakuweza. Hakuna aliyemlaumu.

"Usimsumbue mtoto wa mwenzangu," Mama Chaji akasema, kichwa bado magotini kwake. "Tafuta pengine."

Pengine palikuwa mahali pamoja tu. Chini ya safu ya mwisho kabisa, kiganja kimoja kutoka lami, pembeni kule bomba la maji machafu linaposhukia mtaroni. Mbwa walipajua pale. Mvua ikinyesha matope yanaruka hadi juu yake. Grafiti alipiga msasa, akaosha kwa sabuni, akapaka rangi ya chini yake ya kupuliza inayokauka haraka, na safari hii hakuna aliyetaja mbu.

Jicho akatandaza gunia, akalala kifudifudi, mashavu karibu na mtaro. Mkono wa kupimia haukuwa na pa kupita, chini pale hata kiganja hakiinuki. Na hata kingeinuka, jina lingebidi litamkwe, na kulitamka hakutaka. Akaanza tu, herufi moja, akafuata nyingine, bila kujua zitaishia wapi. Miguu yake ilikuwa imetokeza barabarani, kwa hiyo Mama Chaji alisimama upande wa magari, nywele nusu zimefumuliwa, akawa anapungia pikipiki zikae mbali.

Mwanzoni herufi zilikuwa nzuri. Zile zake za siku zote. Halafu bomba likakaribia, naye akaanza kuzibana, kila moja nyembamba kuliko iliyotangulia, na ya mwisho ikaingia kwa ubavu, imejikunja juu ya bomba lenyewe.

Mama Chaji akainama kuangalia. "Umembana."

"Nafasi imeisha."

"Mrefu vile."

"Najua, mdogo wangu."

Lori likapita karibu, gurudumu likaingia kwenye dimbwi, na maji meusi yakaruka. Mengi yalimpata Mama Chaji mgongoni. Tone moja lilipita, likatua kwenye herufi ya kwanza, likaanza kushuka nayo. Jicho alinyanyua kitambaa haraka, akakumbuka kwamba ukipangusa maji kwenye rangi mbichi unapangusa na rangi, akabaki amekishika hewani.

"Inakauka lini?" Mama Chaji akauliza.

"Kesho."

Akaitikia kwa kichwa. Akajikunyata pale kati ya barabara na ukuta, akatandaza gauni lake lililolowa kila upande hadi likaziba jina lote lisionekane na mpita njia, akaweka kidevu juu ya magoti. Jicho alikunja gunia, akalisogeza upande wa mtaro, ambako maji ya bomba yalikuwa yanatokea, akakaa.